Nafasi ya Msafiri

Neno nafasi katika lugha yetu limebeba mizigo mingi. Ni mahali pa kukaa ndani ya gari, ni cheo kilicho wazi ofisini, ni bahati impatayo mtu mara moja, na tena ni ule wakati ambao mtu hadaiwi kazi na yeyote. Mwenzako akikuuliza, "Una nafasi?" haulizi habari ya viti wala ya vyeo, auliza kama saa yako ni yako. Katika makala haya twakusudia kusema juu ya nafasi ya namna hiyo, na hasa nafasi impatayo msafiri awapo mbali na mlango wake, jamaa zake na shughuli zake za kila siku. Nyumbani jioni ya mtu hupita kama maji yapitavyo katika mfereji uliokwisha kuchimbwa. Safarini mfereji huo haupo, na maji hutawanyika.

Sisi ni watumishi wa Serikali. Elimu yetu ni ya sekondari, na utungaji wa mashairi ni kazi yetu ya pili, ile isiyo na mshahara. Tangu mwaka 1998 hadi mwaka 2023 tulikuwa tukitumwa kutoka Unguja kwenda Pemba mara moja kila mwaka kukagua madaftari ya vifaa vya skuli: madawati mangapi, mizani ngapi, ramani ngapi zimeliwa na mchwa. Kila safari ilikuwa ya siku 12. Kazi hukoma saa tisa na nusu alasiri, na mtu wa makamo hulala yapata saa nne na nusu usiku. Kati ya nyakati hizo mbili mna saa 7. Zizidishe kwa siku 12, kisha kwa safari 26, utapata saa 2,184, yaani siku 91 kamili, usiku na mchana. Karani hawezi kuona kitu asikihesabu, tusameheni. Lakini tulipoiona jumla hiyo chini ya kalamu yetu tulishtuka, kwani miezi mitatu ya umri si akiba ndogo, na sehemu yake kubwa hatukumbuki tuliifanyia nini.

Miaka ya mwanzo tulikwenda na nia njema. Tulikuwa tumesoma kwamba marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa forodha, kisha akatumika katika idara ya mifugo kule Mpwapwa, na baadaye katika ofisi za Tanga. Na katikati ya mafaili hayo ya watu wengine akapata wakati wa kuandika vitabu vyake mwenyewe. Tukajiambia, ikiwa yeye aliweza, sisi twazuiwa na nini? Tukatia sandukuni daftari jipya na kalamu mbili. Meli iliondoka Malindi usiku, na asubuhi tukashuka Mkoani. Gari ikapanda na kushuka, ikapanda tena, hadi Chake Chake. Msafiri atokaye Unguja hustaajabu jinsi ardhi ya Pemba ilivyojikunja, kilima baada ya bonde, kama nguo iliyofuliwa isipigwe pasi. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, Al-Jazira al-Khadra, na yeyote aliyepita barabara ile baada ya masika hatawapinga.

Alasiri ya kwanza tulifungua daftari letu katika chumba cha nyumba ya wageni. Tukalala. Tulipoamka tulikula, tukasikiliza redio, tukahesabu siku zilizobaki, tukalala tena. Daftari lile lilirudi Unguja jeupe kama lilivyokwenda, na la mwaka wa pili hali kadhalika. Tulidhani ni uvivu, tukajilaumu sana. Sasa twaona kwamba uvivu ulikuwamo, lakini haukuwa peke yake. Upweke wa chumba cha kukodi si faragha. Faragha ni mlango ambao mtu huufunga mwenyewe huku akijua kwamba nyuma yake wapo watu wanaomngoja. Palipo hapana anayekungoja, mlango uliofungwa ni ukuta tu, na ukuta haujapata kumpa mtu shairi.

Wenzetu wa ofisi ya Chake walituona tunavyonyong'onyea, wakatuhurumia. Wakatuchukua barazani. Hapo tulijifunza kwamba watu wa Pemba hawaoni haya kumfunga mgeni katika mchezo. Dhumna ilichezwa kwa vishindo, kila kibao kikitua mezani kama mlango unaobamizwa, na mwenye kushindwa husimangwa hadi anapoinuka. Kwenye bao mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sisi kwetu Unguja tulijiita wachezaji. Pemba mzee mmoja alituvunjia nyumba katika mtaji mmoja huku akizungumza na muuza kahawa, hata hakutazama kete zake. Tulicheka pamoja na wengine. Tulikwenda barazani miaka minne au mitano, na hatuwezi kusema kwamba tulionewa, kwa kuwa kahawa ilikuwa nzuri na watu walikuwa wema. Ila kila usiku tuliporudi chumbani tulijihisi kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima: imemstiri, lakini mabega si yake. Ile ilikuwa nafasi ya wenzetu, nao walitugawia kwa ukarimu.

Ndipo tukaingiwa na hamu ya kutembea na kutazama. Huu ndio mtindo unaosifiwa leo, na vijana wetu huufahamu kuliko mitindo mingine yote. Tuliandika orodha ya mahali, kama ilivyo desturi yetu ya kazi, na pembeni mwa kila mahali tukaacha nafasi ya kutia alama.

Tulikwenda Pujini kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi humtaja kwa ukali wake, na tukaoneshwa mahali pa kisima ambacho yasemekana kilikatwa kati kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane. Tukatia alama. Tulikwenda Ras Mkumbuu kutazama gofu la msikiti na makaburi ya nguzo. Tukafika maji yamekupwa, mtumbwi umelala matopeni, tukakasirikia bahari kana kwamba ni dereva aliyechelewa. Tulikwenda Kidike kuona popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, ambao katika miaka ya 1980 walikuwa wamepungua mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti, kisha wakaongezeka tena baada ya wanavijiji kukubali kuwalinda. Tulikwenda msitu wa Ngezi. Tulikwenda kutazama mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhesabu kuwa masalia ya Wareno waliokuwa na nguvu katika pwani hii karne ya 16 na ya 17, na tukasimama mbali sana, kwani mshahara wetu hauna fungu la kukanyagwa na fahali. Kote tulitia alama.

Siku ile ya Pujini, tulipokuwa tunaondoka, tulipishana na bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni. Akatuamkia, akatuuliza, "Mwatafuta nini, wanangu?"

"Hatutafuti kitu, bibi. Tunatazama tu."

"Mmekwisha kuona?"

"Tumeona, bibi."

"Upesi hivyo?" akasema, akaenda zake.

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. Lakini neno lile lilitukaa, na tulipolitafakari tukagundua jambo la kuchekesha: tulikuwa tukikagua. Toka saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri tulikagua madawati, na toka saa tisa na nusu tulikagua magofu. Tulikuwa hatujatoka kazini hata siku moja.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka 2007, katika msimu wa karafuu, tulikwenda Mtambwe, wilaya ya Wete. Sababu ya kwenda ilikuwa ni orodha ileile. Huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu, na tulitaka kuona mahali zilipotoka. Mahali palikuwa pametulia, pana mikoko na mchanga; sarafu zenyewe bila shaka hazikuwapo. Tukatia alama. Wakati wa kurudi tukakaa kando ya njia kungoja gari ya abiria, mbele ya nyumba moja yenye uwanja mpana, na uwanja wote umefunikwa majamvi yenye karafuu zilizoanikwa.

Msomaji asiyeijua Pemba hana budi kufahamu jamvi hilo lina maana gani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba haikuumizwa kiasi hicho. Tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho hasa kisiwa cha karafuu. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, mchumaji akiwa juu ya mti mrefu. Huchambuliwa jioni ileile, kwa kuwa zikilala zimerundikana huchemka na kuharibika, na asubuhi huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya udongo uliochomwa. Katika siku hizo adui wa nyumba nzima ni mmoja. Mvua ya nusu saa yaweza kuiharibu kazi ya wiki, na katika wiki hiyo mna ada ya skuli, mna bati za paa, mna deni la dukani.

Wingu lilitokea nyuma ya kilima. Halikutupa onyo. Kwanza upepo uligeuka, kisha sauti ya mwanamke ikapaa kutoka uani, "Mvuaaa!" na kila mwenye miguu ndani ya nyumba ile akatoka mbio: watoto, mama mwenye kichanga mgongoni, mzee mwenye fimbo. Nasi tukaiacha mikoba yetu njiani. Hatukuulizwa na hatukuomba ruhusa. Tulishika ncha ya jamvi, mzee akashika ya pili, tukakunja, tukaburura, tukarudi kwa jingine. Jamvi la mwisho liliingia ukumbini pamoja na matone ya kwanza makubwa. Tukasimama tunahema, tumejaa vumbi la karafuu puani, na mzee akatutazama shati letu la ofisi, akacheka hadi akaketi.

Gari ilipita wakati ule wa mvua, hatukuisimamisha.

Usiku ukaingia. Wachumaji wakarudi na magunia yaliyolowa, rundo likamwagwa katikati ya ukumbi, taa ya kandili ikatundikwa, na watu wote wakakaa kuzunguka rundo. Tukapewa kigoda. Mikono yetu ikajiendea yenyewe. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa wanafunzi, tulipelekwa katika kambi ya karafuu kama walivyopelekwa wanafunzi wengi wa Visiwani zama hizo, na tulikuwa tumeisahau kazi ile kabisa, au tulidhani tumeisahau. Unashika kikonyo kwa mkono mmoja, unasokota kichwa cha karafuu dhidi ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka huku, makonyo yanatupwa kule, nayo hayapotei, kwani huko Wawi kiko kiwanda cha kuyakamulia mafuta. Baada ya saa moja ncha za vidole zikawa nyeusi. Baada ya saa mbili tukagundua kwamba hatujaitazama saa.

Na watu wakazungumza. Hatukuwahi kusikia mazungumzo ya namna ile barazani, wala ofisini, wala katika chumba chetu na redio yake. Kazi ya mikono huwapa watu ruhusa ya kunyamaza bila ya kuona aibu, na kwa hiyo wasemapo husema kwa kuwa wana neno. Yule mzee, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa wajukuu zake wapo na hawakutuagiza kumtangaza, alikuwa akisema beti. Hakuimba, alizisema, nusu kwa watu na nusu kwa karafuu, akakatiza kumkemea mtoto, akaendelea pale alipokatiza. Nyingine zilikuwa za wakubwa wa zamani, Kamange na Sarahani, wale washairi wawili ambao Pemba huwataja kama watu wengine watajavyo wafalme wao, na ambao tungo zao zilikuja kuchapwa kitabuni mwaka 2011. Nyingine zilikuwa za majibizano ya vijiji, za kusimangana juu ya ngalawa na ndoa. Na nyingine zilikuwa zake mwenyewe. Lafudhi yake ilikuwa Kipemba kitupu, na maneno mengine yalitupita juu ya kichwa kama ndege.

Tulirudi Chake usiku sana juu ya gari lililobeba magunia. Safari hiyo hatukuandika alama katika orodha. Mwaka uliofuata hatukuandika orodha yenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyoupata mtindo wetu, ikiwa jambo tulilojikwaa nalo laweza kuitwa letu. Kila mwaka, ikifika saa tisa na nusu, tulipanda gari tukaenda mahali palipo na watu wanaofanya kazi ya mikono, tukaomba ncha ya kazi hiyo. Mara nyingi ilikuwa nyumba ile ya Mtambwe. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na si kila safari yetu ilikutana na msimu. Kukikosekana karafuu kulikuwa na kamba za makumbi za kusokota, muhogo wa kumenya, dema la kutengeneza. Hatukuwa mafundi. Kamba yetu ilikuwa na vifundo kama mkono wa mgonjwa wa baridi yabisi, na dema letu samaki wangelidharau. Lakini hatukuwa tena mgeni anayetumbuizwa wala mkaguzi anayepita. Wenzetu wa ofisi walisema tumeharibikiwa: mtu amepewa posho ya kupumzikia, naye akaenda kumenya muhogo wa watu! Hatukuwa na jawabu la kuwaridhisha. Mtu mwingine kupumzika kwake ni kulala, mwingine ni kuogelea, mwingine ni kumfunga mgeni bao. Sisi ilibainika kwamba hatupumziki mpaka mikono ipate kazi ambayo haitaandikiwa ripoti.

Na hapa ndipo penye mgogoro ambao hatujaumaliza hadi leo.

Sisi ni watunzi, na tena ni watumishi wa Serikali katika nchi ambayo kwa miaka mingi imetuhimiza kukusanya fasihi simulizi kabla haijapotea. Walimu wanaosoma makala haya wamekwisha kuwaambia wanafunzi wao neno hilo mara ngapi? Mwaka 1958 Mwingereza W. H. Whiteley alichapisha kitabu juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Ikiwa mtu wa mbali alisafiri hadi huku kuandika, sisi tuliokuwa tumekaa mbele ya kinywa chenyewe, vidole vimejaa utomvu wa karafuu, tulikuwa na udhuru gani?

Basi mwaka 2012 tulikwenda na kinasa sauti. Tulikiazima kwa rafiki, tukanunua betri mpya, tukakiweka juu ya kinu karibu na mzee, tukamweleza kwa adabu nia yetu. Mzee akakitazama. Akavaa kofia yake nzuri. Akaweka mikono juu ya magoti, akaacha kuchambua, na akaanza kusema kwa Kiswahili cha sanifu, polepole, kama shahidi mbele ya hakimu. Alisema beti tatu ambazo kila mtu azijua, akanyamaza. Watoto nao wakanyamaza. Rundo likabaki palepale. Tukamwomba aendelee na ile ya mvua, aliyoitunga mwenyewe, tuliyoisikia mara nyingi. Akatutazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "leo umekuja kazini. Karibu, kazi si aibu. Lakini kwangu saa tisa na nusu imeshapita."

Tukazima kinasa sauti, tukakitia mkobani. Baada ya muda mikono ikarudi kwenye rundo, na baada ya muda mrefu zaidi mzee akamkemea mtoto, kisha akaanza ubeti katikati. Tulifurahi usiku ule kuliko usiku wowote. Hatukukitoa tena kinasa sauti, mwaka ule wala miaka iliyofuata.

Mzee alifariki mwaka 2016, sisi tukiwa Unguja. Habari ilitufikia baada ya arubaini.

Safari iliyofuata tulikutana mjini Wete na mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mwenye bidii, ambaye alikuwa akiwatuma wanafunzi wake kwa wazee na madaftari. Tukamsimulia juu ya marehemu, jinsi tulivyokaa naye miaka tisa, jinsi alivyokuwa akisema beti usiku kucha. Tulidhani atafurahi. Akauliza, "Mmeziandika?" Tukamweleza habari ya kinasa sauti na kofia. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanafunzi wangu hawana kitu. Ninyi mlikuwa na kalamu, na mlikuwa na masikio, na mlikuwa na miaka tisa. Mkachambua karafuu!"

Tulimjibu kwamba lau tungeendelea na kinasa sauti tungalipata beti tatu za kofia, na nyingine zote zisingesemwa mbele yetu. Jawabu hilo twaliamini hadi leo. Walakini tulipolala usiku ule tulijiuliza kwa nini hatukuandika tuliporudi chumbani, kila usiku, yale machache tuliyoyakumbuka. Kalamu zilikuwapo. Daftari lilikuwapo. Tulijua sababu, na haikuwa sababu nzuri sana: tulikuwa tumeona raha kwa mara ya kwanza katika safari zetu, na tulihofu kwamba tukiandika neno moja tu, raha ile itageuka kuwa faili. Tuliilinda nafasi yetu. Gharama yake walilipa watu wengine.

Hatusemi haya ili vijana watuige, wala ili watukimbie. Kijana aendaye Pemba leo huenda akaipenda pwani ya Vumawimbi na kuogelea mpaka magharibi, au akashika ramani na kutembea peke yake kutoka Konde hadi Micheweni; hatuna la kumlaumu. Tunachokumbuka ni kwamba sisi tulianza kwa kuazima mtindo wa Shaaban Robert, tukaazima wa wenzetu wa barazani, tukaazima wa watalii, na kila kilichoazimwa tulikirudisha bila ya kukitumia. Ule uliokuwa wetu hatukuuchagua, na una dosari ambayo mitindo mingine haikuwa nayo.

Mwaka 2023 ulikuwa wa safari yetu ya mwisho ya kikazi. Tulikwenda Mtambwe. Msimu ulikuwapo, rundo lilikuwapo, kandili imekuwa taa ya umeme. Mjane wa mzee, bibi ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vyake huona, alikuwa akichambua mahali pake palepale. Pembeni yake aliketi mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu. Huyu ndiye aliyekuwa kichanga mgongoni kwa mama yake jioni ile ya majamvi. Mapajani alikuwa na daftari la skuli. Alichambua konzi moja, akafuta vidole, akaandika mstari, akachambua tena. Bibi alisema, msichana akaandika, bibi hakuvaa chochote kizuri wala hakubadili sauti, na tulipolitazama daftari lile tukaona kila ukurasa una alama za vidole, nyeusi, kama muhuri.

Tukashangaa. Jambo ambalo sisi tulidhani haliwezekani lilikuwa likifanywa mbele yetu na mtoto, bila ya shida, huku akitafuna kipande cha muhogo.

"Bibi asema wewe wakumbuka ile ya mvua," akatuambia. "Yeye ameshika mwisho tu. Mwanzo wake vipi?"

Tukainamisha kichwa, tukatafuta. Beti zake zilikuwa nyingi, tumebakiwa na mmoja, na katika huo tuna mistari miwili. Tukaisema:

Mvua usije sasa, na jamvi li uwanjani,
Kwanza twanue kabisa, ndipo ushuke bondeni.

Msichana akaandika. Bibi alikuwa amesita, vidole vimetulia juu ya kikonyo.

"Sivyo," akasema. "Hakusema usije. Mvua haiambiwi usije, nasi tuna muhogo shambani. Alisema: Mvua njoo, si sasa."

Tukalirudia neno hilo kimoyomoyo, tukahesabu mizani kwa vidole. Ilikuwa sawasawa. Kwa miaka saba tulikuwa tukiyasema maneno ya marehemu kwa maana ambayo hakuikusudia, na tulikuwa tumeyasema mbele ya watu.

Msichana akakata neno moja kwa mstari, akaandika lingine juu yake, na bibi akatusogezea konzi ya karafuu.